Kaburi la Yago

Jumanne, 14 Julai 2009

Magoti. Ngazi za masijala zimenimaliza. Bosi anataka meza ya maonyesho ya Siku ya Mashujaa — barua za askari wetu wa vita vya Kagera, madaftari yao, picha za gwaride. Miaka kumi na tisa natunza sanduku lile, hakuna aliyeliulizia ila panya. Leo kila mtu analipenda. Uwanjani mgambo wanafanya mazoezi. Kushoto, kulia. Nao wamechoka kama mimi.

Mchana amekuja mama wa Kijaluo kutoka Matongo — Abonyo, mama Olima. Kanga imejaa vumbi, macho makavu. Kampuni inahamisha makaburi yaliyo karibu na shimo la dhahabu. Jana wamefukua la mumewe, Nashoni Okumu, aliyekwenda vitani mwaka sabini na nane asirudi. Hawakukuta hata mfupa. Mthamini akaandika: kaburi la kutegesha. Simlaumu sana. Matongo watu wanategesha nyumba, miti, sasa hata makaburi — tuta la udongo na msalaba wa jana, wapate fidia. Jumatatu buldoza linapita.

Kumbe walizika yago. Lile tunda refu la mwegea. Kwa Wajaluo mwili usipopatikana, tunda hilo ndilo linalolala badala ya mtu. Baada ya miaka thelathini litabaki nini?

Fidia waile wao, amesema. Yeye anataka mumewe ahamishwe na wenzake, kwa maombi, kama mtu. Nimtafutie karatasi inayosema alikufa.

Nikauliza, je, angerudi baada ya yago? Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto. Aliyezikwa haingii tena langoni. Hata awe mzima.

Jumatano, 15 Julai 2009

Barua arobaini na tatu. Nimekohoa mpaka mbavu zinauma. Wanaomba sabuni, wanaulizia ng'ombe, wanasalimia mpaka karatasi inaisha. Okumu hayumo. Orodha ya waliokufa imeliwa kuanzia herufi M. Panya hawa wangepewa nishani.

Bosi amepita. Ameuliza kama nimepiga pasi kitambaa cha meza.

Alhamisi, 16 Julai 2009

Nimempata. Afadhali ningemkosa.

Daftari la marehemu Athanas Machage, mwenzake Okumu kikosini. Watoto wake walilileta wenyewe, nadhani bila kulisoma. Ukurasa wa kulia ni siku ya gwaride la kuwapokea, hapa Tarime. Anasema watu wamewavika maua. Mama yake Okumu na mkewe wanapita mstari kwa mstari wakitazama nyuso. "Nimewaambia mto umemchukua," ameandika. Mke amekaa chini palepale uwanjani.

Ndiyo hiyo karatasi! Nikashukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikasoma wa kushoto, wa wiki moja kabla. Machage anaandika: Okumu hapandi lori la kurudi. Amepata mwanamke huku Uganda, ana mimba. Amenishika mkono niseme amekufa. Nimekubali, Mungu anisamehe.

Nikalifunga. Chai imepoa, sijainywa. Miaka yote nawafokea watu wasichane ukurasa, wasifiche, karatasi ni ya wote. Rahisi kusema. Nina hasira na wanaume wale wawili, na mmoja wao siwezi hata kumsema vibaya, amekufa.

Ijumaa, 17 Julai 2009

Amefika saa tatu kwa bodaboda. Gauni la kanisani, mfuko wa viazi vitamu. "Mama Mniko, umempata?" Nikasema nimempata. Nikamsomea gwaride, polepole. Akafumba macho. Akasema siku ile alikuwa amevaa viatu vya wifi yake, vilimbana, ndiyo maana alipokaa chini hakuweza kuinuka haraka. Akacheka kidogo. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha: "Na ukurasa huo mwingine? Umeuwekea kidole tangu nimekaa."

Hajui kusoma. Macho anayo.

Nikasema ni wa siku nyingine.

"Nao unamtaja?"

 Nikasema ngoja nitoe kopi kwanza, umeme usije ukakatika.

Naandika haya nimesimama kando ya mashine. Mthamini anakuja hapa saa sita kuchukua karatasi. Daftari ni dogo, likilala kwenye kioo kurasa zote mbili zinatoka pamoja. Nimechukua karatasi nyeupe ya kufunika wa kushoto. Nimeshaipima. Inatosha kabisa.

Ameacha benchi. Amesimama mlangoni, ameshika mfuko wake. Hajapandisha sauti.

"Usifunike, mama Mniko. Toa zote mbili. Kisha unisomee, na cha kumpa mthamini nitachagua mwenyewe. Mimi ndiye nilimzika."

Mashine imeshapata moto. Karatasi nyeupe bado iko mkononi mwangu.