Taa Si Imezimika?

Dufie, upo? Niko hospitali hapa Techiman. Mama haamki.

Haamki, Dufie! Tumetoka Kumasi leo Jumamosi asubuhi kuja kumzika Mjomba Barimah. Mama akalala kiti cha nyuma. Kufika msibani namtikisa, kimya. Hata mimi kichwa kinanigonga mpaka sasa.

Daktari ananiuliza, "Gari lenu linavuja moshi?" Nikamwambia haiwezekani, limetoka gereji juzi!

Nikampigia Masta Agyekum, yule fundi wa Suame. Si nilimpa abadilishe ile sensa ya oksijeni, kile kipimo kilichokuwa kikiwasha taa ya injini, kilichojificha juu ya bomba la moshi ambako mkono haufiki? Ananijibu hivi hivi, bila aibu: "Dada, ilikatikia humo humo. Nikaing'oa, tundu nikaliziba na gundi ya chuma. Kushusha bomba zima ungesubiri wiki."

Nikamuuliza, "Na ile taa ya injini, mbona haiwaki?"

"Nilichomoa balbu. Si ulisema unachotaka ni taa izimike kabla ya Jumamosi?"

Nilisema, Dufie. Nilisema hivyo hivyo.

Lakini si hilo linaloniua. Mama alishusha kioo. Mara mbili alikishusha, akasema, "Konadu, hewa ya humu nzito." Na vumbi la harmatani, ule upepo wa jangwani, unalijua lilivyo, na yeye kavaa nguo yake mpya nyeusi ya msiba.

Nikamwambia, "Pandisha kioo, Mama, utachafuka."

Akapandisha.