Miezi Minne Baada ya Mionzi

Baba, shikamoo.

Ni mimi, Namkunda. Mama hajambo, tangawizi yake imekubali mwaka huu. Mjukuu wako Nambua anatembea sasa, ila ngazi za nyuma bado anazishuka kwa makalio.

Kuna jambo hatukulimaliza. Daktari aliposema ni saratani ya utando wa mapafu, mesothelioma, aliuliza kazi zako za ujanani. Ukamjibu, "Nilikuwa fundi paa. Mabati ya asbesto tuliyakata kwa msumeno, vumbi tukajipangusa kama unga." Akasema vumbi hilo ndilo. Hakutuficha pia kwamba mionzi isingekuponya, ingetuliza tu maumivu ya ubavu wa kushoto.

Wewe ulitaka kurudi nyumbani Suji. "Mama, sitaki kwenda kuchomwa bure," uliniambia. Nikalia tu. Ukakubali kwa ajili yangu, na hilo limenisumbua tangu tukuzike.

Siku tano, Baba. Unalazwa chini ya mashine, sisi tunatolewa nje, baada ya dakika chache tunaitwa. Ulishangaa kwamba husikii chochote. Kisha uchovu ukakuangusha, chakula kikakushinda, ngozi ya ubavu ikaiva. Nikajilaumu.

Wiki ya tatu, hapa nyumbani, nikakukuta umelalia ubavu ule ule ambao maumivu hayakukuruhusu kuulalia, unakoroma mchana kweupe. Mama akanizuia mlangoni. "Muache. Muache alale."

Ukapata miezi minne. Ulikula makande ukaomba mengine. Ulimlaza Nambua kifuani ukamwimbia kwa Chasu, lugha yetu, nyimbo ambazo sisi hukutuimbia. Pumzi ilipoanza tena kukubana, ulinishika mkono, "Mama, ulinipeleka vizuri." Nilidhani unanibembeleza. Juzi Mama aliniambia ulimwambia maneno hayo hayo nikiwa sipo. Basi nimeamini, Baba. Moyo umetulia.

Wiki iliyopita shule ilitaka kubomoa paa la darasa la zamani, nalo ni la asbesto. Nilimfuata fundi, nikamsimulia habari zako. Alinisikiliza hadi mwisho, akawashusha vijana wake wote waliokwisha kupanda. Sasa wanasubiri watu wenye vifaa vya kujikinga na vumbi hilo watoke mjini Same.

Pumzika, Baba. Nakuahidi, popote nitakaposikia paa la namna ile linaguswa, nitapiga hodi, niwaambie ulikuwa nani.

Mwanao,
Namkunda