Lenzi Iliyoanguka Upande wa Kushoto

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto wote. Mimi sijambo, ila kwa jambo moja ambalo nitalifikia. Usirukie mwisho wa barua, nakujua tangu ukiwa mtoto. Wifi aliniambia kwamba kifua cha binti yako mdogo kimetulia na amesharudi shule. Mpe pole, umwambie shangazi yake anamkumbuka. Zile picha zake za mapengo nimezichapisha na zimo ndani ya bahasha hii.

Najua hupokei simu zangu, wala sikulaumu. Ndiyo maana nimechukua karatasi na kumwomba karani wa yadi yenu ya malori akukabidhi mkononi. Simu mtu huikata, lakini karatasi hata ukitaka kuichana, angalau utaisoma kwanza.

Siku ile ulipoondoka kwangu bila kunywa chai, uliniuliza mlangoni ni kioo gani hicho cha kumfanya mtu amvunjie heshima ndugu yake. Sikukujibu. Leo nakujibu, na nitaanzia mbali kidogo ili unielewe.

Kazi yangu unaijua: mahafali, harusi, picha za pasipoti, na siku hizi picha za nyumba zinazouzwa. Kwa miaka sita nilitumia ile lenzi iliyokuja pamoja na kamera. Nje, mchana, haikuwa na neno. Lakini ndani ya ukumbi wenye taa hafifu, bibi harusi alitoka kama mtu aliyepigwa picha ndani ya gunia. Mwalimu mkuu mmoja alinirudishia albamu nzima, akaniambia kwa upole kabisa kwamba wahitimu wake bado wako hai. Nilicheka naye pale ofisini, nilipofika nyumbani nikalia. Siku hiyo ndipo nilipoamua kununua lenzi ya maana.

Nilikwenda kwa fundi wa kamera, yule mzee mwenye chumba chini ya ngazi, karibu na benki. Alinikataza kununua kwa tamaa. Alisema watu hununua lenzi ndefu ili waonekane, kisha wanaibeba kama bomba la maji na hawana pa kuielekeza. Akanituma nikafungue picha zangu za mwaka mzima, nitazame nilizipiga nikiwa umbali gani. Nilikaa na kompyuta siku mbili. Karibu zote nilizipiga nikiwa hatua chache tu kutoka kwa watu. Basi nikaachana na ile ndefu niliyokuwa nikiiota, nikatafuta fupi yenye tundu pana la kupitisha mwanga. Haivuti mbali wala karibu. Ukitaka kumsogelea mtu, unatumia miguu yako.

Mpya sikuimudu. Nikapata iliyotumika kwa mwanamke mmoja aliyekuwa anaacha kazi ya magazeti. Fundi alinisindikiza. Aliimulika kwa tochi kutoka nyuma akitafuta ukungu, maana lenzi ikifungiwa sana kabatini huota ukungu ndani kama mkate. Akaizungusha sikioni akisikiliza kama ina mchanga. Akalinganisha namba iliyochongwa kwenye lenzi na ile ya kwenye risiti, nisije nikauziwa mali ya wizi. Kisha nikapiga picha ukuta wa matofali, tukaikuza tuone kama pembe zake zinafifia. Hazikufifia hata kidogo. Nililipa, nikaipakata hadi nyumbani kama kichanga.

Fundi huyohuyo ndiye aliyenisukuma kwenye bima. Mimi nilidhani bima ya vyombo vya nyumbani inatosha. Wakala akanieleza kwamba ukishalipwa hata kwa picha moja, kamera si chombo cha nyumbani tena, ni kitendea kazi, na kina bima yake. Tukajaza fomu, kila kifaa na namba yake, risiti yake na picha yake. Aliniambia wazi kwamba watanilinda na wizi, moto na kuanguka, lakini si ukungu wala uchakavu, na kwamba kila hasara, sehemu ya kwanza nitaibeba mwenyewe. Nikatia sahihi nikijiona mtu mzima kweli.

Sasa hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mwezi wa pili tu wa bima hiyo, nikitoka kwenye nyumba niliyokuwa naipiga picha, niliigonga kamera kwenye mwimo wa mlango. Kioo cha kinga mbele ya lenzi kikapasuka. Nikasema mlango mwembamba. Baada ya hapo, kwenye harusi moja, nikaipigiza kwenye nguzo ya ukumbi, na kioo cha nyuma cha kamera kikaingia ufa. Nikasema watu walikuwa wengi, nimesukumwa. Mara zote mbili nilipeleka madai, na mara zote mbili bima ikalipia matengenezo.

Kisha ukaja wewe. Umetoka safari ndefu, umeniletea machungwa, umeketi kwenye kiti cha dirishani na miguu umeinyoosha kwa uchovu. Mimi nilikuwa mezani nimemaliza kufuta vumbi. Kamera niliiweka mezani ikiwa na lenzi yake, mkanda wake ukining'inia pembeni. Nikainuka kufuata chupa ya chai. Hatua mbili tu, nikasikia kishindo. Nilipogeuka, kamera na lenzi yake vilikuwa sakafuni, pete ya mbele ya lenzi imepinda, na wewe umeduwaa.

Niliyokwambia unayakumbuka, sina haja ya kuyarudia yote. Nilikwambia wewe hujapata kutunza kitu tangu uzaliwe. Nikaifukua na ile baiskeli ya baba uliyoipoteza ukiwa na miaka kumi na miwili, kana kwamba nilikuwa nimeiweka akiba kwa siku hiyo. Wewe hukupandisha sauti. Ulisema tu, "Dada, mimi sijainuka hapa." Ukachukua koti lako. Mlangoni ndipo ukaniuliza lile swali, na tangu hapo ni miezi mitatu.

Kesho yake nilijaza fomu ya madai. Kuna mahali wanauliza hasara ilisababishwa na nani. Nikaandika kwa mkono wangu: "Mdogo wangu wa kiume, dereva wa lori, kwa uzembe." Neno dereva sikuulizwa, nililiongeza mwenyewe kwa hasira. Hilo hukulijua. Nimeona bora ulisikie kwangu.

Kwa kuwa lilikuwa dai la tatu ndani ya miezi minane, kampuni ilimtuma mkaguzi. Nilidhani atakuja mwanamume wa suti na maneno makali. Alikuja mama mmoja mfupi, miwani kifuani, faili kwapani, akaomba maji ya kunywa. Akasema nipange chumba kama kilivyokuwa siku ile. Nikapanga. Akaketi kwenye kiti chako, akanyoosha mkono kuelekea meza. Haukufika hata nusu. Akanyoosha mguu. Nao haukufika. Akasema mdogo wangu angehitaji mkono wa twiga, kama twiga wangekuwa na mikono. Nikasema labda uliinuka. Akaniuliza kama nilikuona ukiinuka. Nikaanza kunyoosha kitambaa cha meza.

Akanitaka nitembee kama nilivyotembea kufuata chai. Nikatembea, na mkanda wa kamera yangu ya zamani, tuliyoiweka pale badala ya ile, ukaninasa kwenye paja la kushoto. Yeye ndiye aliyewahi kuidaka.

Hakufurahi wala hakunicheka. Aliketi, akavaa miwani, akafungua faili, akasoma taratibu: mlango, kushoto; nguzo, kushoto; meza, kushoto. Akaniambia kwamba kabla ya kuletwa kwenye vifaa alifanya kazi miaka mingi kitengo cha magari, na huko alijifunza kwamba mtu anayegonga ovyo ni mzembe, lakini anayegonga upande mmoja ana sababu. Akanisimamisha mbele yake, akaniambia nikaze macho kwenye pua yake nisiyahamishe, nimwambie nikiona vidole vyake vikicheza. Akaleta mkono mmoja kutoka kulia kwangu. Nikasema mapema. Akaleta wa pili kutoka kushoto. Nikangoja. Nikadhani bado hajaanza. Vidole vilikuwa karibu kufika usoni kwake ndipo nilipoviona.

"Mimi hukagua vitu, sikagui watu," aliniambia. "Lakini kabla hujaniletea dai la nne, nenda kwa daktari wa macho."

Nilikwenda, mdogo wangu. Walinitia matone, wakanipima presha ya macho, wakanikalisha mbele ya mashine, kidevu kikiwa juu ya kibao, kitufe mkononi. Kila ukiona nukta ya mwanga unabonyeza. Nilibonyeza kwa bidii zote, nikidhani nimefanya vizuri, hadi daktari aliponionyesha karatasi. Jicho la kulia lilikuwa na doa dogo. La kushoto lilikuwa jeusi upande wote wa pembeni, kama picha iliyopigwa na kifuniko kimefunika nusu ya lenzi. Ni presha ya macho. Haiumi, haiwashi, haileti machozi. Inakula pembeni polepole, na ubongo unajaziajazia pengo ili usishtuke. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone, kila siku, maisha yote.

Nyani haoni kundule, lakini mimi nilikuwa sioni hata meza.

Sasa niungame lililobaki, maana hadi hapa nimejipunguzia makosa kwa kuyabebesha ugonjwa. Siku ile, kabla ya kishindo, nilihisi kitu kikinigusa pajani. Nilikihisi vizuri kabisa. Nikajiambia ni kitambaa cha meza, na nilipoiona lenzi chini nikatafuta haraka wa kumtupia, na wewe ndiye uliyekuwa karibu. Kutoona si kosa langu. Kusema uongo ni kosa langu. Nimekwenda kampuni ya bima, nimeandika maelezo mapya na kutia sahihi kwamba aliyeiangusha ni mimi, na wewe umeondolewa kwenye dai. Mkaguzi alisema wao wanalipia ajali, hawahitaji mtu mbaya. Aliyemhitaji mtu mbaya nilikuwa mimi. Nisamehe, mdogo wangu. Sikuandikii ili unisamehe leo. Chukua muda wako.

Lenzi imetengenezwa na inapiga vizuri. Kazi naendelea nayo. Nimejifunza kugeuza kichwa chote kushoto kabla ya kupiga hatua, kama ndege, na kwenye harusi iliyopita mama wa bwana harusi alidhani naringa.

Lakini sikuchukua kalamu kwa ajili ya lenzi. Daktari aliniuliza kuhusu wazazi. Nikamwambia baba hakuwa na ugonjwa wa macho, alikuwa tu mtu wa kujigonga. Kisha nikajisikia nikilisema neno hilo. Unakumbuka alivyokuwa akimwaga maji ya kunawa, akikanyaga viatu vyetu, akipita mlangoni na bega likigonga? Mama akimgombeza, na sisi tukimwiga nyuma yake na kucheka. Hakuna aliyempeleka popote. Daktari alisema ugonjwa huu hupita katika damu, na kwamba ndugu wa tumbo moja na mgonjwa wapimwe haraka, hata kama wanajiona wazima. Hasa wakijiona wazima.

Wewe unashika usukani wa lori, siku nne kwa wiki, kwenye barabara zenye watoto wanaotoka shule. Nimekuwekea nafasi kliniki Alhamisi ijayo saa tatu asubuhi. Karani amesema wiki hiyo huna safari. Hata kama hutaki kuniona mimi, nenda ukaonwe na daktari. Nitakaa nje ya geti ukipenda, au sitakuja kabisa.

Na jambo moja. Mwaka jana wifi alinisimulia kwamba kioo cha pembeni cha lori lako kiling'oka getini mwa ghala, na kwamba mwezi huohuo kile kipya nacho kiling'oka palepale. Wewe ulisema geti ni jembamba. Nimeshindwa kumuuliza wifi, nisije nikamtia hofu. Nakuuliza wewe: vilikuwa vya upande gani?

Wasalimie wote nyumbani, kila mtu kwa nafasi yake. Mama mkwe wako naye mpe salamu zangu. Nangoja jibu lako, hata likiwa la neno moja.

Ni mimi,
Dada yako mkubwa