Mstari Ulipofika Mlango wa Kanisa

Mjukuu wangu Sekela,

Hapa Itaka tu wazima, kahawa imeanza kuiva, na shangazi yako amejifungua mapacha.

Umeniuliza kama ni kweli lile baraza la jimbo mnalosoma chuoni, la karne ya kumi na tisa, lilijaa wenye mashamba peke yao. Mimi naamini. Halmashauri ya kijiji chetu ilikuwa vilevile, wanaume wenye kahawa peke yao. Waliamua kahawa ioshwe mtoni, juu ya pale tulipochota maji, nasi tukawanywesha watoto maji ya maganda.

Siku ya uchaguzi nikajitokeza kugombea. Mwenyekiti akacheka, "Mama, wewe una miche mingapi?"

"Sina hata mmoja," nikamjibu. "Nina ndoo."

Enzi hizo tulipiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Wanawake wakaja na ndoo zao, mstari wangu ukafika mlango wa kanisa. Nikageuka kuutazama. Aliyesimama wa mwisho, kashika ndoo, alikuwa babu yako, mwenye kahawa nyingi kuliko wote.

Wiki hiyohiyo kahawa ikaanza kuoshwa chini ya pale tulipochota maji.

Wasalimie wenzako.

Bibi yako,
mjumbe mstaafu