Mama, Usiikatae Meli kwa Sababu ya Kadi

Durban, Afrika Kusini

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na kwa kuwa najua barua hii utaisoma asubuhi, umekaa pale mlangoni huku kuku wakikuzonga miguuni, basi na kwa salamu yetu ya asubuhi: mwangaluka mayu. Goti linasemaje? Mvua mmepata? Maganga aliniambia karanga zimeota vizuri upande wa bondeni ila huko juu kumekuwa na mapengo. Mimi mzima kabisa, nakula mpaka sare imeanza kunibana, na kama si jambo moja ningesema sina shida duniani.

Jambo lenyewe ni wewe.

Nilipopiga simu Jumapili, Maganga akasema, "Mama amesema haji." Nikadhani anatania, unamjua kaka yangu kwa utani. Nikamuuliza pasipoti si imetoka? Imetoka. Tiketi ya ndege si imefika? Imefika, imechapishwa pale mjini. Sasa nini? Akacheka. "Fomu ya meli imeuliza kadi ya mkopo. Mama kasema kadi alizonazo ni ya kupigia kura, ya bima na ya kanisa. Na mkopo kasema hata kwa bakora hachukui tena. Fomu ameirudisha kwenye bahasha."

Mama! Miezi minane nimewasumbua watu wa ofisi wanipe nafasi ya kuleta mzazi. Wakubwa wa meli hii humruhusu mfanyakazi alete mzazi mmoja, safari moja, siku saba, na siku waliponiambia nimepata nilipiga kigelegele mle mle ofisini, wenzangu Wafilipino wakaja mbio wakidhani kuna moto. Halafu safari ife kwa kisanduku kimoja cha fomu? Haifi. Ndiyo maana nimeandika barua ya karatasi, maana meseji Maganga hukusomea kwa kuruka. Nimempa mwenzangu anayekwenda likizo Mwanza, ataishusha Tabora stendi. Soma polepole, kisha uamue. Fomu inatakiwa kurudi kabla mwezi haujaisha.

Kwanza ujue hela zinavyotumika humu. Chakula cha mezani na malazi vimeshalipwa, hutatoa hata senti. Ila ukitaka soda, kufuliwa nguo, kupigwa picha na mzee mmoja wa humu mwenye kamera kubwa, au aiskrimu ya kule sitaha ya juu, hivyo vina bei yake. Na hakuna anayepokea noti mkononi. Ukipanda unapewa kakadi kadogo kenye jina lako, ndiko kanakofungua mlango wa chumba, na ukinunua kitu unakaonyesha tu. Nyuma ya kale kakadi lazima pawe na kitu cha kukasimamia. Sasa kitu hicho ni cha namna mbili, na fomu inataka uchague kimoja. Kadi ya benki, au taslimu. Umeona? Taslimu imo. Iko chini kabisa, kwa herufi ndogo, na Maganga hakufika huko.

Mimi ndiye niliyeko kwenye kaunta ya mapokezi wageni wanapochagua, kwa hiyo haya nayaona kwa macho yangu kila safari.

Wa kadi ya mkopo hana foleni. Anaigusisha mara moja, kwaheri. Lakini benki yake inaambiwa ifungie hela fulani kando, hata kama hajanywa kitu, na kufunguliwa inaweza kuchukua siku kadhaa baada ya kushuka. Halafu kuna ule utamu wake. Kuna baba mmoja alikuwa akinunulia meza nzima vinywaji, kila siku "niandikieni mimi, niandikieni mimi." Asubuhi ya kushuka nikampa karatasi ya hesabu yake. Aliisoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma tena. Mkewe akamwambia neno moja tu, "Endelea." Akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni.

Ndiyo mkopo wenyewe, hapo hukukosea. Sijasahau mwaka ule Baba alipokopa mbolea ya tumbaku kwa kikundi, makato yakaja ya kwake na ya wenzake waliokimbia, na ng'ombe wawili wakatoka zizini tukiwaangalia. Mimi nilikuwa darasa la nne. Kwa hiyo ukisikia mkopo ukafunga bahasha, mwanao nakuelewa.

Wa taslimu anakuja kaunta, anaweka kiasi chake, anapewa risiti. Anatumia mpaka pale hela yake inapoishia. Ikibaki, asubuhi ya mwisho anarudishiwa chenji yake mkononi, ingawa kuna foleni ndefu na wazee huwa wanachoka. Ubaya wake ni mmoja: hela ikiisha kakadi kanakataa hapo hapo mbele ya watu, na lazima urudi kaunta kuongeza. Hakuna deni hata chembe. Lakini aibu ipo. Najua wewe aibu unaiogopa kuliko deni, kwa hiyo nikusimulie mkasa wangu, ambao sikuwahi kuwaambia nyumbani.

Ulikuwa mwezi wangu wa pili, bado tuko upande wa Italia. Akaja bibi mmoja, nywele nyeupe pee, ameshika wajukuu wawili. Akatoa bahasha kwenye mkoba, nje imeandikwa mia tatu kwa kalamu. Mama, mwili ukanisahaulisha niko wapi. Nikapinda goti nyuma ya kaunta, nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikamimina hela kwenye droo na kumwandikia risiti ya dola mia tatu. Kuhesabu? Nihesabu mbele ya mtu mzima? Wewe ndiye uliyenifinya pale dukani Kwihara nilipohesabu chenji aliyonipa bibi wa Ntalikwa mbele yake. "Mtu mzima akikupa hela, ukizihesabu machoni pake umemwita mwizi." Nina alama mpaka leo, si utani.

Jioni ya kufunga droo, kuna dola mia moja imezidi. Haina mwenyewe. Msimamizi wangu wa zamu, mama wa Kifilipino mwenye macho ya kipanga, akaifunga kwenye bahasha na kuiweka kabatini. Nilidhani labda ni makosa ya mwenzangu.

Siku ya nne bibi akaja, mashavu mekundu, wajukuu nyuma yake na aiskrimu hawana. Kakadi kamekataliwa mbele ya foleni nzima. Akasema, "Mimi niliweka mia nne." Risiti inasema mia tatu. Akaitazama, akaanza kujitilia shaka mwenyewe, akasema labda uzee. Ndipo akakumbuka: bahasha aliiandika nyumbani, na asubuhi ya kupanda meli mwanawe alimwongezea noti, hakubadilisha maandishi.

Hapo, Mama, hakuna aliyejua kwamba sikuzihesabu ila mimi. Ningenyamaza, bibi angeondoka akijiona amechakaa akili, na mimi ningebaki na kazi yangu safi. Nikawaza jinsi nitakavyokuambia nimerudishwa nyumbani mwezi wa pili. Kisha nikamgeukia msimamizi nikasema, "Hela yake sikuihesabu. Ile iliyozidi ni ya kwake."

Akaniuliza, "Hukuhesabu kwa nini?"

"Ni mtu mzima."

Alinitazama kama aliyesikia Kinyamwezi. Akafungua kabati, akahesabu noti mbele ya bibi, moja moja, akampa risiti mpya. Mimi akanipa onyo la maandishi, ambalo ninalo hadi leo kwenye Biblia. Lakini bibi alipoelewa kisa chote alinishika mkono akasema kwao pia kulikuwa hivyo zamani. Na jioni msimamizi akaniketisha. "Kwenu mnaheshimu kwa kutohesabu. Hapa tunaheshimu kwa kuhesabu, ili mtu asije akajitilia shaka mwenyewe. Umeona alivyosimama pale?" Nimeona. Tangu siku ile nahesabu hata za nahodha.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: weka taslimu. Maganga anataka tuweke kadi yangu ya benki, na kweli tungeweza. Lakini nakujua wewe. Ukijua ni kadi ya Nyamizi, utakunywa maji ya bomba siku saba na kusema huna kiu. Soda utaikataa, picha utaikataa, na mwisho utaniomba nirudishiwe na ile hela ya chakula. Taslimu ikiwa yako, utaagiza kama mama mwenye nyumba. Na usihofu kakadi kukataliwa: kila jioni nitaangalia kimebaki nini na kuja kukunong'oneza. Aibu hiyo haitakufika nikiwa nimesimama pale.

Si wewe uliyekuwa ukitusimulia ya babu yenu mpagazi? Kwamba alitoka hapo hapo Kwihara na pembe begani mpaka pwani, na hakunyanyua mzigo kabla kitambaa cha ujira hakijapimwa kwa mkono wake mwenyewe, si wa tajiri. Basi nasi ndivyo tulivyo. Yeye alitembea miezi, wewe utakwenda kwa ndege na kupewa juisi njiani.

Nimechagua wiki ya mwisho wa Machi, palizi itakuwa imekwisha na karanga bado. Njoo na sweta, humu ndani kuna baridi ya mashine. Asali ya mjomba usilete, uwanja wa ndege watakunyang'anya na utagombana nao, nakujua. Matobolwa yaliyokauka jaribu kidogo, ukiulizwa sema ni viazi vitamu vya kukausha. Ukinikuta kaunta usinipigie kelele ya "we Nyamizi!" mbele ya wageni. Aa, piga tu. Nitafurahi.

Nisalimie Maganga na wifi yangu, mwambie gauni la mtoto nitamletea mwenyewe. Nisalimie mjomba wa Ipole na mizinga yake, na shangazi wa Ntalikwa, mwambie nimeacha kuogopa maji. Mzee wa kanisa aliyeniombea stesheni mwambie maombi yake yalifika kabla yangu.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini umeshajiuliza: taslimu hiyo itatoka wapi? Sasa nikwambie.

Siku naondoka, treni imeshapiga honi, ulifungua pindo la kanga ukanipa kile kifurushi. Ulisema, "Nauli ya kurudi. Ukikwama usione haya, panda gari uje." Nikapokea kwa mikono miwili. Sikuhesabu, si ulinifunza? Nilihesabu Dar es Salaam, kwenye duka la kubadilishia fedha, nikakaa chini kwenye ngazi. Ile haikuwa nauli ya kufika Tabora, Mama. Ilikuwa nauli ya kwenda na kurudi mara nne, na ya kula njiani. Wewe ulituambia mtamba umeuzwa ili jiko liezekwe bati. Mwezi uliopita Maganga alinitumia picha umesimama nje unapepeta, na jiko nyuma yako bado ni la nyasi.

Niliangalia ile picha nikalia, halafu nikacheka, halafu nikalia tena. Sikukuuliza kwa simu maana ungekana.

Zile hela nilizibadilisha dola siku ile ile na sijazigusa. Hata siku ya onyo, nilipodhani nafukuzwa, nilizishika tu nikazirudisha. Ziko kwenye bahasha yenye jina lako. Ukipanda nitakukabidhi, uje nazo kaunta mwenyewe, unyooshe mkono, na mimi nitapinda goti na kupokea kwa mikono miwili. Kisha nitazihesabu mbele ya macho yako, noti kwa noti, mpaka ya mwisho. Usinifinye. Sikuiti mwizi. Nataka mbele ya watu wote wale ujue kwamba nimejua ulinipa ngapi.

Bati nimeshamtumia Maganga hela yake, fundi anaanza Jumatatu. Kwa hiyo hizi ni za aiskrimu. Ulinipa nauli ya kurudi nisije nikakwama, na sikukwama. Basi itumie wewe kuja kuniona.

Tia alama kwenye kile kisanduku cha chini.

Mwanao anayehesabu siku kuliko hela,

Nyamizi