Tarehe Nne, Mfunguo Mosi

Dzamandzar, Nosy Be
28 Agosti 1981

Kwa Dada Zoubeida binti Bacar,
Ampisikina, Mahajanga

Dada mpenzi,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe, shemeji Kamardine na wote wa nyumbani, na goti lako liwe limeanza kukuachia usingizi. Sisi huku miili ni mizima. Kiwanda kinasaga miwa mchana na usiku, na mji wote unanuka sukari ya moto. Nakuandikia kwa Kiswahili cha barua alichotufundisha marehemu baba. Kwa Kikomori chetu cha nyumbani nisingeweza kuyasema haya, na kwa Kifaransa yangegeuka makala. Makala nimeandika ya kutosha.

Barua yako nimeipata. Unauliza, arubaini ya mama ikifika, uje siku gani ili ukute maji yamepwa, uvuke kwa miguu mpaka kisiwani, ukakae pale alipolala kando ya baba. Unasema hukuwahi mazishi, basi angalau umsomee Yasini kaburini. Nitakujibu, lakini kwanza nikueleze ugomvi wa mwezi.

Tabia yangu unaijua. Nikiona watu wanabishana hujitosa kabla sijajua wanabishania nini. Tangu tulipokuwa tukiishi Tsaramandroso, nimegombana na walimu, na maimamu, na mhariri wa gazeti, hata na daktari aliyekuwa akinitibu. Safari hii ilikuwa Idi. Jioni ya tarehe ishirini na tisa Ramadhani hapa hatukuona kitu angani, lakini redio ya ng'ambo ikatangaza mwezi umeandama. Fundi Mbaé, imamu na mwalimu wetu wa dini, akasema macho yetu hayakuona, tutimize thelathini. Nikasimama. Wiki mbili nzima, nikijua ubishi utakuja, nilikuwa nimezama katika vitabu vya sheria na majedwali ya nyota, kurasa juu ya kurasa, nikitafuta pa kumshika. Nilimwita mbele ya safu zote mvuvi aliyepotea njia akaingia msikitini. Watu walicheka. Wengi wakanifuata, tukasali Idi kesho yake. Yeye na wazee tisa wakasali kesho kutwa. Nikajiona nimeshinda.

Mama alifariki alfajiri ya tarehe nne ya Mfunguo Mosi, kwa hesabu yangu. Kwa hesabu ya Mbaé ilikuwa tarehe tatu. Huku, kama unavyokumbuka, ukitaka kujua saa ya maji unauliza tarehe ya mwezi, na kila tarehe maji huchelewa kidogo kuliko jana yake. Tarehe nne hupwa kabisa kwenye saa saba mchana. Tukapanga saa saba.

Mbaé alikuja mapema, akanivuta kando ya ua. Idi hakuitaja. Alisema polepole, "Hamada, leo ni tatu. Tukisali adhuhuri tu, tumwingize mama majini. Saa saba utakuta yameshageuka."

Dada, maneno yale yalikuwa ya kweli, na nilijua ni ya kweli. Alizaliwa katika ngalawa, mimi nilizaliwa katika vitabu. Lakini kukubali saa yake kulikuwa kukubali mwezi wake. Nikamjibu kwa sauti ili walio barazani wasikie: "Fundi, Idi umeila kiporo. Na mazishi nayo unataka tuyarudishe jana?"

Walicheka, ingawa palikuwa msibani. Tukangoja saa saba. Ilipofika nikawachelewesha tena karibu nusu saa, nikiwaeleza wabebaji kwa nini hesabu yangu ndiyo sahihi.

Tuliingia wanaume kumi na wawili, mimi na Mbaé tukiwemo. Tulipotarajia maji ya kifundo cha mguu tuliyakuta ya goti. Desturi yetu unaijua: jeneza halitui mpaka kaburini, wabebaji hupokezana mabega huku wakitembea. Kwenye mkondo wa kati maji yakafika kiunoni, kisha kifuani, na yalikuwa yakienda kwa nguvu. Wale ni wakata miwa, mashujaa wa panga, si watu wa maji. Katika kupokezana, aliyeshika mbele kulia alikosa pa kukanyaga. Aliyeshika mbele kulia ni mimi.

Jeneza liliinama na mama akateleza. Sanda tuliiona mara mbili, kisha hatukuiona. Mbaé alipiga mbizi mara nyingi mpaka tukamtoa kwa nguvu, anatapika maji. Mama tulimtafuta mpaka jua likazama, na siku tatu zilizofuata kwa ngalawa. Hatukumpata.

Kaburi ulilosikia habari zake nililifukia mimi mwenyewe, tupu. Wale kumi niliwaomba wanyamaze, wakanionea huruma. Mbaé hakushika jembe, wala hakunisema kwa mtu. Nami, kwa kuogopa kwamba iko siku atasema, nikawaandikia wazee wa huko Mahajanga kurasa nane kwamba imamu wetu hajui kupanga hata saa ya maziko, aondolewe. Nilitaka akisema asisadikiwe. Leo nimewaandikia tena kueleza kwamba nilisema uongo. Nakala imo humu. Wakiificha, wasomee wewe.

Sasa swali lako. Siku ya arubaini mwezi utakaribia kuwa mpevu, maji yatapwa sana, na hata wewe mwenye goti bovu ungevuka bila taabu. Usivuke. Pale hakuna mtu. Ukitaka kumsomea mama, soma popote maji ya bahari yanapofika, hata hapo Mahajanga.

Ukija na usiweze kulala nyumbani kwangu, nitaelewa. Fundi Mbaé amesema mlango wake uko wazi kwako. Nilipomwambia kwamba nakuandikia, aliniuliza jambo moja tu: kama nimekutajia siku ile ilikuwa tarehe ngapi. Nikamwambia nitakutajia. Ilikuwa tatu.

Wifi yako Chamsia anakusalimu; yeye hajui, na leo nikirudi kutoka posta nitamwambia. Nisalimie shemeji, majirani wa kushoto na kulia, na wanaoniuliza hali. Mungu akupe subira ambayo mimi sikustahili kukuombea.

Ni mimi ndugu yako,
Hamada Bacar