Gauni la Kukamulia

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, wewe na shemeji na wapwa zangu. Natumaini wote wazima, na yule mdogo kikohozi kimemwachia. Sisi huku tunasukuma siku. Mama anakunywa uji wake, analala, anakaa dirishani. Mimi mgongo unanisumbua kidogo, lakini huo si ugonjwa, ni kazi ya kumwinua mtu mzima kitandani kila asubuhi. Usishtuke kuona barua wakati simu ipo. Kwenye simu unaongea mbio, unaniwahi, na nikishakata ndipo nakumbuka nilichotaka kusema. Hapa utanisikiliza mpaka mwisho, utake usitake.

Juzi uliniuliza ninangoja nini kumuuza Kiburi. Ulisema ng'ombe ni ng'ombe tu, chumba cha Mama kwako kiko tayari, na jirani na wewe kuna mtaalamu wa viungo atakayemrudishia mkono na mguu. Sikubishi. Huku anayemnyoosha ni mimi, na wallahi sijui hata ninachovuta. Ila Kiburi humjui vizuri, dada. Yule aliyekulipia ada ya shule alikuwa mama yake, na alikufa akimzaa huyu. Mama alimlea Kiburi jikoni kwa chupa, wakalala wote karibu na jiko, mimi nikahamishiwa stoo.

Unakumbuka pia ule ubishi wa Mama. Hakutaka mkono mwingine uguse kiwele cha ng'ombe wake. Alidai ng'ombe akizoea kila mtu anakosa adabu, anabana maziwa. Mimi nilikata majani, nikafagia banda, nikabeba samadi kwenda kwenye mboga, lakini kukamua, marufuku. Na mimi nilifurahi, nisikudanganye. Nani anapenda kuamka kabla ya jogoo? Hakuna aliyejiuliza itakuwaje siku mkono huo ukichoka.

Siku ile alipoanguka nilimkuta bandani, ameegemea mguu wa nyuma wa Kiburi, nusu ya uso imeshuka. Kiburi, yule anayerusha mateke hata akitua nzi, alikuwa amesimama tuli. Ndoo haikumwagika. Nilimbeba Mama, na ng'ombe akabaki vilevile mpaka niliporudi jioni kutoka hospitali, kiwele kimejaa kama ngoma.

Nikajaribu kukamua. Lo! Teke la kwanza lilichukua ndoo, la pili likanichukua mimi, nikaenda kukaa kwenye samadi. Kesho yake wakaja majirani, wanawake wanaojua kazi yao, naye akawatimua mmoja mmoja. Daktari wa mifugo alikuja, akaonya kwamba maziwa yakizidi kukaa, kiwele kitaoza na tutampoteza. Akanitazama juu hadi chini, akaniuliza kama gauni la Mama linanitosha. Nilidhani ananitania, mimi mwanamume mzima. Hakuwa anatania.

Basi nikavaa, dada yangu. Gauni la kijani, lile lenye mfuko uliochanika, sweta la kahawia juu yake, na kitambaa kichwani. Nikaosha chuchu kwa maji ya uvuguvugu, nikapaka mafuta, nikavuma ule wimbo wa Mama wa kukamulia, usio na maneno. Kiburi aligeuka, akaninusa kwapani muda mrefu mpaka nikaona aibu. Kisha akashusha pumzi, na maziwa yakaja.

Yule mchukua maziwa aliponiona nikitoka na ndoo, nusura aanguke na baiskeli yake. Tangu siku hiyo ananiita Shangazi, na kijiji kizima kimedaka. Lakini Mama, aliyeruhusiwa kutoka hospitali jana yake, alikuwa dirishani, akacheka. Kicheko cha upande mmoja, upande ule uliobaki, bila sauti, machozi yakimtoka. Tangu aanguke hakuwa amesema neno hata moja, na daktari hakutuahidi kitu. Kwa kile kicheko ningevaa gauni hata kanisani, hata sokoni. Lile gauni sikulifua, nilihofia harufu itatoka. Na tukaishi hivyo: maziwa yakanunua dawa na sabuni, samadi ikalisha mboga, na mboga zikatulisha sisi.

Uliposema tuuze, nilitii. Mnunuzi wa kwanza alitaka kumkamua ajionee, akaondoka anachechemea. Wa pili alikuwa mchinjaji. Alimzunguka Kiburi akimbonyeza makalio, anasema kwa sauti nyama hapa ipo, pale hakuna, na Mama anatazama kutoka dirishani. Nilimfukuza, ndiyo, na lugha niliyotumia sitaiandika hapa. Kumbe ndiyo hali yenyewe: ng'ombe anayekubali mtu mmoja tu si wa maziwa kwa mtu mwingine yeyote, ni wa bucha.

Kisha akaja mama mmoja mjane kutoka ng'ambo ya mto, mfugaji, mtu wa taratibu. Nilimweleza ukweli wote, hata kuhusu gauni. Hakucheka. Aliomba avae yeye. Alivaa, akaosha, akapaka mafuta, nikamfundisha wimbo, na Kiburi akampa maziwa. Akasema atamchukua, ila nguo ziende pamoja na ng'ombe, mpaka watakapozoeana. Nilijiambia nguo ni nguo. Wewe mwenyewe ulisema utamnunulia Mama mpya.

Sasa nifike pale nilipokuwa napazunguka tangu mwanzo. Kiburi nimeshamuuza, dada. Hayupo. Na sikukwambia kwa sababu ya jinsi alivyoondoka.

Yule mama alikuja na kamba, Jumanne ya wiki mbili zilizopita. Nguo nilimkabidhi, akazitia kwenye mfuko, alitaka kuzitunza zisichafuke njiani. Tulivuta, tukasukuma, Kiburi akajikita getini kama nguzo. Ndipo yule mama alipofungua mfuko, akavaa gauni juu ya nguo zake, akavaa sweta, akafunga kitambaa, akatangulia akivuma ule wimbo. Kiburi akamfuata kama ndama. Mimi nikafungua geti, nimefurahi kwamba kazi imeisha. Wakaanza kushuka njia ya mtoni, nami nikawatazama kwa nyuma. Umbo lile lile, mwendo ule ule, ng'ombe nyuma yake. Nilikuwa namwona Mama anaondoka.

Hapo ndipo nikakumbuka dirisha.

Asubuhi ile nilikusudia kukigeuza kiti chake kiangalie ukutani, nikasahau kwa haraka ya kutafuta kamba. Nilikimbia ndani. Alikuwa amejivuta mbele mpaka paji la uso limegusa kioo, mkono wake ulio mzima umeshika kizingiti. Akanigeukia, akasema. Akasema, dada, kwa sauti yake yenyewe, maneno yamenyooka kama hajawahi kuugua:

"Mimi naenda wapi?"

Jambo tulilokuwa tunalilia sote, Mama aseme, na badala ya kukupigia simu kwa vigelegele nilianza kujitetea. Nilimweleza kwamba yule si yeye, ni mnunuzi. Alinisikiliza vizuri sana. Halafu akauliza tena.

Anauliza kila alfajiri, saa yake ya kukamua. Hasemi neno jingine. Hamuulizii Kiburi, haniulizi mimi ni nani. Nimemwonyesha magauni yake mengine, nimevaa hata lile la harusi yako, hatazami.

Juzi nilivuka mto kwenda kuomba nirudishiwe, nikiwa sijui hata nitalipa kwa kitu gani, maana fedha ya Kiburi ndiyo iliyokodi gari la kutuleta kwako. Nilimkuta Kiburi amenenepa, anacheua. Nilimwita kwa jina. Hakugeuza hata sikio. Yule mama alipotoka na lile gauni, akainua kichwa na kulia kwa furaha. Nikarudi nyumbani bila kuomba kitu.

Gari litakuja Jumamosi. Barua hii nampa dereva wa basi la kesho, itakufikia kabla yetu. Nitambeba Mama, nitamweka kiti cha nyuma, nitamfunika shuka, na najua kabla hatujafika barabara kuu atauliza, na safari hii atakuwa na haki ya kuuliza. Nimefikiri mpaka nimechoka. Ukiisoma, nipigie, na walau mara hii usiongee mbio. Niambie tu nimjibu nini.

Nisalimie shemeji, uwabusu wapwa zangu. Majirani wote wanakusalimu. Mama naye angekutumia salamu, lakini kwa sasa ana swali hilo tu.

Ni mimi mdogo wako,
Shangazi